Msaada wa Kifini: kwa nini kodin na kodissa zina d, halafu "nyumba yangu" inarudi kuwa kotini?

MtangaVantaa

Wakuu habarini za leo. Kwa wale mnaoishi Finland au mliowahi kukisoma Kifini naombeni msaada hapa, maana mwalimu katuelezea kwa Kifini chenyewe, na Kifini cha kuelezewa Kifini mi bado sijakifikia.

Nipo kwenye kozi ya lugha, hii ya wageni, na sasa hivi tumefika kwenye vile viambishi vya kumiliki, wenyewe wanaviita omistusliite. Vyenyewe nimeshavishika: -ni yangu, -si yako, -nsa au -nsä yake, -mme yetu, -nne yenu, afu yao ni -nsa/-nsä ileile ya yake. Kwaiyo talo ni nyumba, taloni nyumba yangu, talosi nyumba yako, talomme nyumba yetu. Hapo sina tatizo, ni kubandika tu nyuma ya neno basi.

Tatizo limeanzia kwenye neno koti, yaani makazi, nyumbani. Tulishafundishwa kwamba koti ikipata mwisho ile t inalainika inakuwa d: kodin (ya nyumbani), kodissa (ndani ya nyumba), kodista (kutoka ndani). Sawa, nikaikariri hivyo. Sasa tunaletewa kotini, kotisi, kotimme, zote t imerudi! Nikasema basi itakuwa kwenye kumiliki t hailainiki, nageuza ukurasa nakutana na kodissani, d ipo na -ni ipo palepale. Chini yake tena kuna kotiini, t ipo na i ziko mbili. Hivi nani anaamua t ikae au itoke?

Swali la pili. Kazini ninapofanya usafi sijasikia mtu hata mmoja anasema kotini, wote ni mun koti, mun auto, mun kamat (vitu vyangu). Je hivi viambishi kuna watu wanavitumia kweli au ni vya vitabuni tu? Nataka kufanya mtihani wa YKI, ule wa taifa wa lugha, ile ngazi ya kati, na muda wa kusoma nao ni wa kuibia ibia baada ya kazi, nataka nijue nguvu niipeleke wapi.

Natanguliza shukrani.

BintiNjombe

Kaka hongera kwa kufika hapo. Swali lako la kwanza lina jibu fupi ila ntalieleza taratibu ili likae, niko Jyväskylä hapa na hii mada naipenda kuliko mada zote za Kifini.

Hiyo t kuwa d inaitwa astevaihtelu. Inazigusa k, p na t tu. Kanuni yake ukiiweka kwa lugha nyepesi ni hii: angalia silabi ambayo hiyo k, p au t ndo inaianza. Kama silabi imeishia na vokali, iko wazi, herufi inabaki na nguvu yake. Kama imefungwa na konsonanti, herufi inalainika. Sasa tamka neno lako kwa silabi: ko-ti, iko wazi, t inabaki. Ko-din, imefungwa na n, t inakuwa d. Ko-dis-sa, imefungwa na s, d tena. Ko-ti-a (partitiivi, umbo lingine lenye mwisho -a), iko wazi, t.

Haya sasa leta -ni yako. Ko-ti-ni. Silabi ya ti imefungwa na nini? Haijafungwa na kitu, t inabaki. Na kodissani? Ko-dis-sa-ni, huyo -ssa alishafika kabla ya -ni na alishaifunga silabi, -ni anakuja mwisho kabisa anakuta kazi imeisha. Ndo maana umeona d na -ni kwenye neno moja, wala hazigombani.

Hapo najua utauliza, mbona kotimme ni ko-tim-me, imefungwa na m, kwa nini sio kodimme? Hapa ndo pa kushika kaka: viambishi vya kumiliki havilainishi kitu. Hata kama vinafunga silabi, kwenye astevaihtelu vinahesabiwa kama havipo. Kotimme, kotinne, kotinsa, zote t. Kwaiyo jiulize kitu kimoja tu: je kabla ya kumiliki kuna mwisho mwingine kama -ssa, -sta, -lla, -lle uliofunga silabi? Kama upo, lainisha. Kama haupo, acha neno na nguvu zake.

Kotiini ni "kuingia nyumbani kwangu", inatoka kwenye kotiin (kwenda nyumbani). Kotiin nayo haikulainika ingawa imefungwa na n, kwa sababu zamani ilikuwa kotihin, ko-ti-hin, iko wazi, na kuna lahaja za kule Pohjanmaa mpaka leo wanasema kotihin. Ile h imedondoka, vokali zimeungana, t imebaki inakumbuka asili yake. Afu n ya mwisho inadondoka ikikutana na -ni: kotiin + ni = kotiini.

Na hiyo ya n kudondoka ndo inayowachanganya wengi zaidi kuliko hata t na d. Genetiivi, yaani lile umbo la "ya" lenye -n, ni kodin, ukitaka "ya nyumba yangu" unategemea kodin + ni, lakini n inaondoka na t inarudi, unapata kotini. Wingi ni kodit, + ni, t ya wingi inaondoka, unapata kotini. Kwaiyo kotini moja inabeba nyumba yangu, ya nyumba yangu na nyumba zangu. Utajuaje ipi ni ipi? Sentensi itakwambia. Kirjani on pöydällä ni kitabu changu kiko mezani, kirjani ovat pöydällä ni vitabu vyangu viko mezani. Sisi ki- na vi- zinatuambia mapema kabisa mwanzo wa neno, wao inabidi usubiri mpaka kitenzi.

Jaribu na maneno mengine uone: äiti (mama), genetiivi äidin, lakini mama yangu ni äitini. Katu (mtaa), kadun, ila mtaa wangu ni katuni. Pankki, pankin, pankissa, ila pankkini. Takki, yaani koti la kuvaa, takin, ila takkini.

Swali la pili nawaachia wengine.

MkenyaTurku

Sasa ndugu. Hiyo swali ya pili wacha nikujibu mimi, nimefanya kazi na Wafini kwa sait ya ujenzi na kwa ofisi, kote kuwili.

Kwa mdomo ni kweli hausikii. Mtu anasema mun koti, sun koti, hänen koti ama sen koti, meiän koti, teiän koti, niiden koti. Neno lenyewe haliguswi, mwenye kitu anatajwa mbele basi. Hata ukiongeza mwisho ni hivyo tu, mun autossa (ndani ya gari yangu), haina -ni. Na hii si lugha ya watu wa mtaani peke yao, daktari atakuongelesha hivyo, mwalimu wa mtoto wako pia hivyo. Ukienda kwa kantini ya sait useme "minun kahvini on kylmää" watakuelewa lakini utaonekana kama unasoma habari. Sema mun kahvi on kylmää, maisha iendelee.

Lakini usidanganyike ati haina kazi. Toa simu yako sasa hivi. Meseji ya posta inasema Pakettisi on noudettavissa, paketi yako iko tayari kuchukuliwa. Apu ya benki inakuuliza Unohditko salasanasi? umesahau nenosiri lako? Barua ya ofisi inakuja na hakemuksesi (ombi lako), osoitteesi (anwani yako), allekirjoituksesi (sahihi yako). Hakuna mahali wameandika sun paketti. Mtu akikosa kujua hiyo -si ya mwisho anakaa akitafuta neno pakettisi kwa kamusi na haipati, kwa sababu kamusi iko na paketti peke yake.

Na hapo ndio shida yenyewe, kukata -si haitoshi, lazima ujue neno lilikuwa aje mwanzo. Hakemuksesi ukikata -si unabaki na hakemukse, hiyo haiko kwa kamusi, neno ni hakemus. Osoitteesi ni osoite. Puhelimesi (simu yako) ni puhelin. Avaimesi (ufunguo wako) ni avain. Kwa hivyo shika genetiivi ya kila neno unalojifunza, hakemus hakemuksen, osoite osoitteen, puhelin puhelimen, avain avaimen, halafu ile n unaitoa unaweka -si ama -ni (kama k, p ama t ililainika, unairudisha vile BintiNjombe amesema, kodin lakini kotini). Jina langu ni hivyo hivyo, nimi, nimen, nimeni. Mtoto wangu: lapsi, lapsen, lapseni.

Juu ya YKI, unapoandika barua ya heshima ama maoni weka viambishi, ni lugha ya kuandika hiyo. Ukimwandikia rafiki unaweza kuandika mun koti. Ile ya kuepuka ni minun koti, nusu iko huku nusu iko kule: minun ni ya kuandika, koti bila -ni ni ya kuongea. Ama minun kotini, ama kotini peke yake, ama mun koti. Kwa kuongea mi nakushauri usijisumbue na viambishi kabisa.

BintiNjombe

MkenyaTurku umeongea vizuri, ila hapo mwisho "kabisa" mi naipunguza kidogo. Kuna vilivyobaki hata mdomoni. Yksinään, peke yake, hiyo watu wanasema kila siku na huwezi kuitoa -än yake. Itse nayo ikiwa "nafsi yangu" inakaa na kiambishi, itseni, itsesi, itsensä. Mielestäni (kwa maoni yangu) wengi mdomoni wanasema mun mielestä, lakini kwenye kikao utaisikia mielestäni vizuri tu.

Na kuna "yetu" moja ambayo hata kwenye kuandika inaruhusiwa bila kiambishi, pale unapoongelea familia, kijiji, shule, ile jumuiya unayotoka: meidän perhe, meidän kylä, meidän koulu. Sisi tunajua hiyo hisia vizuri. Tena ukitaka kusema "twende kwetu" usihangaike na kotiimme, sema mennään meille. Meillä ni kwetu, meille ni kuja kwetu, teillä ni kwenu. Yaani wana kwetu yao kabisa, mtu anakuuliza onko teillä sauna? anamaanisha kwenu mna sauna?

MzeeOulu

Kijana, salamu kutoka Oulu. Hao waliotangulia wamekueleza vizuri, mimi nakupa njia ambayo ilinisaidia na mpaka leo nikiwa na mashaka naikimbilia. Kama unasali, jifunze Baba Yetu kwa Kifini, maana mule ndani kanuni yote ya dada hapo juu imo, tena kwa maneno ambayo maana yake unaijua kichwani tangu utotoni.

Pyhitetty olkoon sinun nimesi, jina lako litukuzwe. Nimi, nimen, nimesi. Tulkoon sinun valtakuntasi, ufalme wako uje. Kunta peke yake inakuwa kunnan kwenye genetiivi, nt inalainika kuwa nn, valtakunnan, lakini "ufalme wako" ni valtakuntasi, nt imerudi. Halafu sikiliza hii: Anna meille tänä päivänä meidän jokapäiväinen leipämme. Mkate ni leipä, genetiivi leivän, p imekuwa v. Mkate wetu ni leipämme, lei-päm-me, silabi imefungwa na m kama kawaida lakini p iko palepale. Ukisali tu hivyo hutaandika leivämme maishani. Inayofuata, Ja anna meille meidän syntimme anteeksi. Dhambi ni synti, genetiivi synnin, dhambi zetu syntimme. Na hapo unaona pia kwamba syntimme ni wingi ingawa haionyeshi wingi popote, kama dada alivyosema kuhusu kotini.

Angalia tena jokapäiväinen leipämme. Jokapäiväinen ni kivumishi, "wa kila siku", hakijapewa -mme. Kumiliki kunabandikwa kwenye nomino peke yake, vivumishi vinafuata kesi tu, yaani ile miisho kama -n, -ssa, -lla. Uudessa kodissani, ndani ya nyumba yangu mpya, uudessa ina -ssa lakini haina -ni. Na minun, sinun, meidän hazibadiliki kwa kufuata kitu kinachomilikiwa. Kwetu ni changu, yangu, langu, wangu, vyangu, kutegemea ngeli. Kwao minun ni minun, iwe kitabu iwe nyumba iwe gari iwe mtoto. Hapo wametupunguzia mzigo na inafaa tushukuru.

Kuanza kwenyewe, Isä meidän, ni mpangilio wa zamani, mwenye kitu amekuja nyuma na hakuna kiambishi. Usiuige kwenye barua, leo ni isämme au meidän isämme.

Sasa nikuonyeshe ambapo hii -nsa inafanya kazi ambayo Kiswahili chetu kinashindwa kuifanya kwa neno moja. Ukisema "Juma anampenda mke wake", mke wa nani? Wa Juma mwenyewe au wa jirani? Kwa Kiswahili tutamalizia na "mwenyewe" au tutategemea busara za msikilizaji. Mfini anasema Juma rakastaa vaimoaan, mke wake yeye Juma, hakuna tafsiri nyingine. Akisema Juma rakastaa hänen vaimoaan, basi huyo mke ni wa mtu mwingine. Tofauti ni hänen moja tu. Kwenye mun na sun hakuna hatari hiyo, minun unaweza kuweka au kuacha, ukiiweka unatia mkazo. Lakini nafsi ya tatu ukiingiza hänen mahali isipotakiwa umebadilisha mwenye mali. Juma myi talonsa, kauza nyumba yake. Juma myi hänen talonsa, kauza nyumba ya mwingine, na hilo linaweza kufika mahakamani.

Ila kinachomilikiwa kikiwa ndicho kinachoanzisha sentensi kama mtenda, hänen inarudi na ni lazima: Hänen vaimonsa on lääkäri, mke wake ni daktari. Vaimonsa on lääkäri haisimami peke yake. Vaimoni on lääkäri inasimama vizuri.

MtangaVantaa

Shikamoo mzee. Dada BintiNjombe na mkuu wa Turku asanteni sana sana, nimesoma mara mbili na t yangu sasa naielewa, hiyo ya leipämme nimeiandika kwenye daftari.

Nina vitu viwili vimebaki. Mzee ameandika vaimoaan na sio vaimoansa, ile -nsa imeenda wapi? Na nikitaka kusema nyumba ya Juma, yaani nataja mtu kwa jina, naweka -nsa au siweki? Maana nimeona Juma myi talonsa nikachanganyikiwa kidogo.

MzeeOulu

Marahaba kijana.

Vaimoansa sio kosa, ipo, ila ni ya kizamani kidogo na ya vitabu. Nafsi ya tatu ina sura mbili. Mwisho wa kesi ukiishia na vokali fupi, kama -ssa, -sta, -lla, -lle, na -a ya partitiivi, basi unarefusha ile vokali na kuweka n: kodissaan, kodistaan, kodilleen, vaimoaan. Lakini kwenye umbo la kawaida, genetiivi na ile ya kuingia ndani huwezi, ni -nsa tu: kotinsa, kotiinsa. Ndiyo maana talonsa hapo juu haikubadilika. Na -nsa au -nsä inafuata vokali za neno kama miisho mingine yote: kotinsa, lapsensa, lakini äitinsä, nimensä, miehensä.

BintiNjombe

Na jina la mtu hiyo nakujibu mimi. Mwenye kitu akitajwa kwa jina au kwa nomino, hakuna kiambishi cha kumiliki kabisa, jina lenyewe ndo linapata -n: Juman koti, Ashan auto, naapurin koira (mbwa wa jirani). Juman kotinsa hapana. Jina likiishia na konsonanti unaweka i kabla ya n: Hassanin koti, Dar es Salaamin satama, bandari ya Dar es Salaam. Majina yao yanalainika, Pekka anakuwa Pekan, Matti anakuwa Matin, Helsinki inakuwa Helsingin, ndo Helsingin yliopisto hiyo, Chuo Kikuu cha Helsinki. Ukitaka "Juma na mkewe" kama watenda ni Juma ja hänen vaimonsa, kanuni ileile ya mzee.

Na kwa sababu umetaja mkewe, hebu tulia hapo. Sisi tunasemaje? Mkewe, mumeo, mwanangu, nduguye, mwenzio. Hatusemi tu "mwana wangu", tunabandika mwishoni. Lapseni na mwanangu zimejengwa vilevile, mtoto mbele mwenye mtoto nyuma, ila kwetu imebaki kwa ndugu na watu wa karibu, wao inaenda mpaka kwa paketi ya posta. Tena maneno kama mbele, nyuma, kando, sisi tunayapa umiliki: mbele yangu, nyuma yako, kando yake. Kifini hivyohivyo, edessäni mbele yangu, takanasi nyuma yako, vieressään kando yake. Ukiyafikiria kwa Kiswahili yanakuja yenyewe.

Kitu kimoja cha kuwa macho nacho sisi Waswahili ni -ni. Kwetu -ni ya mwishoni ni mahali, kitabuni, mezani, kazini. Ukiona kirjani akili inakimbilia kitabuni. Hapana, ni kitabu changu. Kitabuni ni kirjassa. Kitabuni mwangu ni kirjassani. Nimewaona Waswahili wengi darasani wanajikwaa hapo kwenye mtihani wa kusoma na sio kwamba hawajui, ni mazoea ya lugha yetu yanawahi kufika.

MkenyaTurku

Nyongeza kidogo ya YKI kwa sababu umesema muda ni haba. Kwa sehemu ya kusoma kuna kiambishi kimekaa kwa vitenzi, tullessani kotiin, nilipokuwa nikija nyumbani, syödessämme, tulipokuwa tukila. Hapo -ni na -mme zinasema nani anafanya. Ukiona -essa- halafu -ni au -mme jua ni "wakati" na mtu. Magazeti wanapenda hiyo sana. Wewe huhitaji kuiandika, kuitambua inatosha.

Na mpangilio usikupoteze: neno, wingi, kesi, mwenye kitu, halafu mwisho kabisa zile ndogo ndogo za -kin na -ko. Talo-i-ssa-ni-kin, pia ndani ya nyumba zangu. Mtu aliyezoea "hatutawapikia" hawezi kuogopa hiyo, tofauti ni kwamba sisi tunapanga mbele na wao wanapanga nyuma.

Sikiliza pia habari za Yle, shirika lao la utangazaji, za selkosuomi, ile lugha rahisi. Wanaongea pole pole na wanatumia lugha ya kuandika, kwa hivyo viambishi utavisikia vikitamkwa vizuri, tofauti na kazini.

MtangaVantaa

Nimejaribu sentensi zangu hapa, naomba mnikosoe:

Kotini on Vantaalla. Kodissani on kaksi huonetta. Äitini koti on Tangassa. Veljeni asuu vaimonsa kanssa Dar es Salaamissa. Ystäväni tulee minun luokse.

BintiNjombe

Nne za kwanza ziko sawa kabisa. Kwenye ya tatu angalia äitini hapo ni genetiivi, "ya mama yangu", ingawa umbo ni lile lile, ungekuwa unaongelea mama tu bila "yangu" ungeandika äidin koti na t ingekuwa d. Ya nne vaimonsa umeipata vizuri, hujaweka hänen kwa hiyo mke ni wa kaka yako mwenyewe.

Ya mwisho ndo ile nusu huku nusu kule. Kwenye kuandika ni Ystäväni tulee luokseni, au minun luokseni ukitaka mkazo. Kwa mdomo hapo Vantaa sema mun kaveri tulee mun luo.